Kilio Kilichobebwa hadi Kisian

Mimi ni mtu wa kelele. Nilizaliwa katika boma la wake watatu, na katika boma la namna hiyo mtoto asiyepaza sauti hapati hata mkia wa samaki. Kwa hiyo nilipomaliza masomo ya uuguzi nikapelekwa kufanya kazi katika wodi ya wagonjwa mahututi mjini Kisumu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, niliona kama wakubwa wananiadhibu. Wodi yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye mashine mbili za kupumulia na pazia la kijani katikati. Aliyeisimamia alikuwa sista mmoja mfupi, mkali, aliyekaribia kustaafu. Ufunguo wa kabati la dawa za usingizi aliuvaa shingoni pamoja na rozari yake, nasi tulimteta kwamba siku ya kiyama ataulizwa kwanza habari za kabati.

Dawa hizo ndizo zilizokuwa roho ya wodi. Mtu aliyetiwa mpira kooni apumuliwe na mashine hawezi kuuvumilia akiwa macho. Atauvuta, atashindana na mashine, atachoka. Lazima alazwe, na sisi tulikuwa na dawa za kumlaza za aina mbili. Kulikuwa na ile ya zamani, ya bei ya chini, iliyokuja kwa makatoni, lakini ikishaingia mwilini ilikaa kama mgeni asiyejua kuaga. Unaacha kumdunga mgonjwa leo, naye analala kesho na kesho kutwa, amekalia mashine ambayo mtu mwingine anaihitaji. Halafu kulikuwa na ile mpya, ghali, vichupa vichache vilivyoletwa kutoka Nairobi kwa kubembelezwa. Ukiiacha hiyo, mgonjwa anafumbua macho kabla chai yako haijapoa.

Wakubwa walitaka tutumie ile ya bei ya chini kwa kila mtu, maana ndizo nyakati tulizoanza kuambiwa wagonjwa wachangie gharama na kila idara ikaze mshipi. Sista alikataa. Aliwaambia kwamba rahisi ghali, na kwamba kichupa cha bei ndogo kinachomfunga mtu kwenye mashine wiki nzima zaidi si cha bei ndogo hata kidogo. Anayehitaji kulala muda mrefu apewe ya zamani. Anayehitaji kuamshwa kila asubuhi, ili tujue akili zake ziko wapi, apewe mpya. Na kabla ya kumwongezea yeyote dozi, tumwangalie kwanza kama kweli anaitaka. Muuguzi mvivu, alisema, humlaza mgonjwa ili apumzike yeye mwenyewe. Nina hakika alikuwa akinitazama mimi.

Lakini kwa hesabu zake, dawa iliyokuwa rahisi kuliko zote ilikuwa kimya. Mgonjwa akishtuka utamwongezea dawa. Asiposhtuka, kichupa kinabaki kabatini. Basi tulitembea pekupeku. Vishikio vya ndoo vilifungwa bendeji, bawaba za mlango zikapakwa mafuta ya kupikia, trei za chuma zikatandikwa vitambaa. Waumini waliozoea kuja kuombea wagonjwa kwa makofi na nyimbo waliambiwa kwamba Mungu husikia hata mnong'ono, na kundi moja likaondoka limenuna, likisema wodi ile ina pepo la ububu. Mimi ndiye niliyekaripiwa kuliko wote. Kucheka, kukohoa, kuvuta kiti, yote yalikuwa makosa. Haba na haba hujaza kibaba, sista alininong'oneza, huku akielekeza kidole kwenye kabati.

Niliona ni ushamba mtupu, mpaka tulipoletewa mama wa Kibuye.

Alikuwa wa umri wangu. Yeye na mumewe walikuwa watu wa kutoka upande wa Mlima Kenya, wamekuja Kisumu kuuza mitumba katika soko la Kibuye. Wakati wa mvua alikanyaga msumari uliochomoka kwenye kibanda chake mwenyewe. Akamiminia kidonda mafuta taa, kama watu wa soko wafanyavyo, akafunga kitambaa, akaendelea kuita wateja. Baada ya siku kadhaa taya lilikaza akashindwa kumeza uji. Mumewe alifikiri ni jino. Ilikuwa pepopunda.

Asiyeiona pepopunda amshukuru Mungu wake. Mgonjwa ana akili timamu, anakusikia, lakini mwili wake umemgeuka. Mlango ukigongwa au mtu akimgusa ghafla, mgongo unajipinda kama upinde, kifua kinakuwa ubao, na mashine inasukuma hewa isiyopata pa kuingia. Tukishamdunga sindano ya kupambana na sumu, kilichobaki ni kumlaza na kungoja sumu imwachilie, wiki baada ya wiki. Alimaliza makatoni ya ile dawa ya zamani. Tulitundika blanketi nzito dirishani, tukazoea kuzungumza kwa vidole. Hapo ndipo nilipoacha kumcheka sista, maana niliona kwa macho yangu kwamba siku ya utulivu mgonjwa alitumia nusu ya dawa aliyotumia siku ya vishindo.

Kwenye kitanda cha pili alilazwa kijana aliyeanguka kutoka jukwaa la ujenzi mjini akaumia kichwa. Huyu ndiye tuliyempa ile dawa ghali, ili kila asubuhi tumwache aibuke kidogo tuone kama anatusikia. Mama yake alikuwa mjane kutoka mbele ya Kisian, upande wa ziwani, na kijana huyo ndiye mwanawe pekee. Wakati wa kumwamsha aliruhusiwa kuingia. Alisimama miguuni pa kitanda, akashika kidole gumba cha mguu wa mwanawe, akangoja. Asubuhi za kwanza kijana alifumbua jicho moja. Mama alitoka nje akitabasamu kama aliyeambiwa kuna arusi.

Kwenye benchi ya nje alikutana na yule mume wa Kibuye. Mume hakujua Dholuo, na mama alikuwa na Kiswahili cha sokoni tu, lakini walielewana. Mama alileta viazi vitamu vya kuchemsha, mume akaleta chai kwenye chupa. Siku moja bakuli la chuma lilianguka sakafuni, na mama, akiwa miguuni pa mwanawe, akaona kupitia upenyo wa pazia jinsi yule mwanamke alivyojikunja na jinsi sista alivyomrukia na sindano. Tangu siku ile akawa mlinzi wa mlango kutushinda sisi. Mtu akija na viatu, mama anamwonyesha miguu yake mwenyewe, mitupu, halafu anamwonyesha ya mgeni.

Asubuhi za kufumbua jicho zilikoma. Tuliiacha dawa, tukangoja, na kijana hakuibuka. Daktari alimweleza mama taratibu kwamba dawa haina makosa tena, kwamba aliyelala sasa hakulazwa na sisi. Mama alisema amesikia. Kesho yake akaja kushika kidole vilevile.

Wiki hiyo lori la dawa kutoka Nairobi halikufika. Sista alihangaika na simu mpaka akakauka sauti, akachanganya hiki na kile kilichokuwapo, akapunguza dozi za mama wa Kibuye hadi ukingoni. Mumewe alitumwa kuzunguka maduka ya dawa mjini akatafute chochote. Asubuhi hiyo mwanamke alikuwa amejikunja mara mbili, vibaya, na daktari akatuambia moyo wake umechoka, kwamba mshtuko mwingine mkubwa huenda usimwache. Vichupa vilivyobaki kabatini vilienea kwenye kiganja changu kimoja. Alikuwa akilala usingizi mwembamba kama karatasi.

Saa za kutazama wagonjwa, mchana, kijana wa Kisian alikufa.

Hatukupata nafasi ya kumtoa mama nje tukamwambie kule mbali, kama tulivyozoea kufanya. Alikuwa pale pale, ameshika kidole. Alijua kabla ya daktari. Nilimwona akikiachia kile kidole, akikiweka chini polepole, halafu akinyoosha mgongo.

Kwetu sisi Waluo kifo hutangazwa kwa nduru, ule ukemi mrefu wa mwanamke aliye karibu zaidi na maiti. Ndio unaowaambia walio hai kwamba mtu ametoka, na ndio unaomsindikiza aliyetoka. Mama asiyempigia mwanawe nduru huulizwa maswali, na maswali hayo si mazuri. Hili sikufundishwa shuleni. Nililijua tangu nikiwa mgongoni mwa mama yangu. Na nililiona likija: mikono yake ilikwisha kupanda kichwani, na akavuta pumzi, pumzi ndefu sana, ya mtu anayetaka kusikika ng'ambo ya ghuba.

Nikamshika mabega. "Mama, nakuomba," nikamnong'oneza. "Huyu wa nyuma ya pazia, sauti itamuua. Dawa imeisha."

Alinitazama kwa macho ambayo sitaki kutazamwa nayo tena.

"Bibi ya huyu mtu wa chai?" akauliza.

"Ndiye."

Ile pumzi hakuitoa. Niliiona ikibaki ndani, kifua kimejaa. Alishusha mikono, akachukua ncha ya leso yake, akaisokomeza kinywani, akaiuma. Alimgusa mwanawe usoni mara moja. Kisha akatoka, nami nikamfuata. Nje walikuwepo wifi zake wawili waliokuja kumtazama mgonjwa. Waliiona ile leso mdomoni wakaelewa, na mmoja akainuka huku mikono ikipanda kichwani. Mama alimwinulia kiganja. Sijui yule wifi aliona nini katika kile kiganja, lakini alinyamaza. Waliokota viatu vyao wakatembea pekupeku mpaka langoni, mimi nikiwa nyuma yao, na watu waliokuwa wakipita hawakujua kama wamepishana na msiba.

Langoni nilimwambia kwamba sasa anaweza, tumetoka. Aligeuka akatazama nyuma. Dirisha letu, lile la blanketi, lilikuwa likielekea barabara. Akatoa leso mdomoni.

"Nitalilia Kisian," akasema, na akairudisha.

Niliporudi wodini, sista alikuwa amesimama kando ya mama wa Kibuye, ameshika mkono wake akihesabu mapigo. Mgonjwa hakuwa ameshtuka. Sista alikuwa akilia bila sauti, kama alivyotufundisha kufanya kila kitu. Tuliwahi kumtania kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, akatufukuza. Siku hiyo hakuna aliyetania.

"Nilikuwa nasema kimya ni dawa ya bure," akaniambia. "Sitasema tena."

Mume alirudi jioni, ameloa jasho, na vichupa viwili vitatu ndani ya mfuko wa karatasi. Alikuta benchi tupu, akauliza, akaambiwa na watu wa langoni. Akanijia na uso wa huzuni ya kweli, siwezi kumsingizia, lakini maneno aliyoyasema yalinichoma.

"Nesi, huyo mama ako na imani ya ajabu," akasema. "Wanasema hajalia hata kidogo. Kijana yake mmoja tu, na hajalia."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia asizungumze juu ya asilolijua. Nilimwambia mama huyo amembeba mkewe mdomoni kutoka kitandani mpaka barabarani, na kwamba kwetu ni afadhali mtu aibiwe ng'ombe wote kuliko kuibiwa kilio cha mtoto wake. Nilikuwa na hasira naye, na lori, na Nairobi, na mimi mwenyewe. Aliweka mfuko wa dawa mikononi mwangu, akaenda akaketi upande ule wa benchi ambao mama alikuwa akikalia.

Habari zilizofuata nililetewa na mfagiaji wetu, aliyekuwa na dada aliyeolewa upande ule. Walipofika Kisian, mama alishuka, akatoa leso mdomoni, akaweka mikono kichwani, akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Wifi zake walipiga nduru pembeni yake, naye akasimama katikati yao amefungua kinywa kitupu. Nyumbani ilikuwa vivyo hivyo, na siku ya mazishi vilevile. Kilio kilikuwa kimekataa. Alizunguka akipokea wageni, macho makavu, na watu wakaanza kutazamana. Wifi zake walieleza habari za wodi na za mgonjwa wa nyuma ya pazia, lakini maelezo ya hospitali hayana uzito matangani. Watu wa upande wa marehemu mumewe walisema ana moyo wa jiwe. Wengine walisema maneno ambayo sitayaandika, kuhusu akina mama wanaokula watoto wao.

Nililia niliposikia. Nililia chooni, kwa sababu wodini ilikuwa marufuku. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi wakati huo sikuwa hata na mtoto. Nani alinipa ruhusa ya kumzibia mzazi mdomo? Hata leo ukinirudisha pale nitamshika mabega vilevile, maana mwanamke mzima alikuwa nyuma ya pazia. Lakini kujua kwamba ulifanya sawa hakupunguzi kitu.

Lori lilifika. Wiki zikapita, sumu ikalegea, na kidogo kidogo tukapunguza dawa kwa utaratibu ule ule wa sista, dozi ya leo chini ya ile ya jana, mpaka mama wa Kibuye akafumbua macho na kutusikiliza. Mpira ulipotolewa, sauti yake ilikuwa imekwaruzika, ikitoka kama maji ya kwanza ya bomba lililokauka. Jambo la kwanza aliloniuliza lilinifanya nikae chini.

"Kuna siku nilisikia mtu akivuta pumzi," akasema. "Hapo upande mwingine. Nikajua anataka kulia, na nikajua akilia nimekwisha. Nikangoja. Sikusikia tena. Alienda wapi?"

Nilimweleza yote. Hata yale ya Kisian, hata yale ya matangani. Mumewe alikuwa ameketi pale akitazama sakafu. Mwanamke alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwetu mtu aliyekosa mazishi hufanya nini. Nikamwambia kwamba aliyechelewa matanga haingii bomani kimyakimya. Huanza kulia langoni, akalia mpaka kaburini, hata kama ni baada ya miezi, na wenye boma hutoka kumpokea.

Aliporuhusiwa kwenda nyumbani na miguu ikapata nguvu, walinijia siku yangu ya mapumziko, mke na mume, wakaniomba niwapeleke. Mume alibeba sukari na unga, kama nilivyomwelekeza. Tulishuka Kisian, tukashika njia ya chini kuelekea ziwani, polepole, maana alikuwa bado akichechemea ule mguu wa msumari. Njia nzima hakuzungumza. Nilidhani amechoka.

Boma lilikuwa la nyumba mbili, uzio wa miti ya ojuok, na kaburi mbele ya nyumba ndogo ya kijana, udongo wake haujaota nyasi. Tulipofika langoni alisimama.

"Ni hapa?"

"Ni hapa."

Akampa mumewe kitambaa chake cha kichwa. Akaweka mikono kichwani, akavuta pumzi, akalia.

Hakikuwa kilio kizuri. Kwetu kuna wanawake ambao nduru yao husifiwa hata miaka mingi baada ya msiba, na wangemsikia huyu wangecheka. Sauti ilikwaruza, ikakatika, ikaanza tena. Aliita kwa lugha ya kwao, maneno nisiyoyajua, akikimbia kwa kuchechemea kuelekea kaburini, na lile taya lililokuwa limekaza wiki zote zile sasa likiwa wazi kabisa. Mbwa walibweka. Watu wa maboma ya jirani walitoka, wale wale waliokuwa wakitazamana matangani, wakasimama kwenye uzio wakimwangalia mwanamke mgeni, wa kabila jingine, aliyejitupa juu ya udongo wa mtoto wa mama asiyelia.

Mama alitoka jikoni, mikono imejaa unga. Alimtazama yule mwanamke chini. Akamtazama mume aliyebeba sukari, mtu wa chai, akamjua. Kisha akanitazama mimi, langoni, na nikaona mikono yake ikipanda kichwani na ule unga.

Safari hii sikumshika.

Ilitoka. Ile pumzi aliyoivuta miguuni pa kitanda ilitoka yote, ndefu, mpaka majirani wakaacha uzio wakaja mbio na mikono kichwani, wakapiga nduru pamoja naye kama ndiyo kwanza kijana amekufa. Na mimi, niliyezoea kulia chooni, niliingia bomani nikalia kwa sauti yangu yote, maana pale hapakuwa na mgonjwa tena.